Ghuba Ambayo Keziah Hakuivuka

Keziah Tolliver hakuwa mtu wa kukaa akakalika. Hata kanisani, mahali ambapo wazee wenzake walipata usingizi mtamu kuliko wa kitandani, yeye alichagua kiti cha nyuma karibu na mlango, na miguu yake ilipapasa sakafu ibada nzima kama inayotafuta kiatu kilichopotea. Watu wa Pisga, kijiji chao cha Kanada, walikwisha kumzoea. Mwanamke aliyetoroka utumwa, akafika Kanada, kisha badala ya kupumzika akazunguka zaidi ya miaka ishirini kutoka Toronto hadi Boston, akisimama mbele ya watu na kuwasimulia yaliyompata ili utumwa ukomeshwe, mwanamke wa namna hiyo utamwambiaje atulie?

"Miguu ya Keziah," Dorcas Whitlow aliyekaa naye nyumba moja alizoea kusema, "hata ukiikata leo, itaondoka yenyewe."

Lakini kiangazi kile alizidi. Vita vya kusini, kule Marekani, vilikuwa vimekwisha mwaka uliopita, watumwa walikuwa huru, na jambo ambalo Keziah alilipigania maisha yake yote lilikuwa limetimia. Wengine Pisga walinenepa kwa furaha. Yeye alikonda. Kila Jumapili, baada ya mahubiri, mchungaji alisoma majina ya watu waliokuwa wakitafutana: mama anamtafuta mwanawe aliyeuzwa Georgia, ndugu anawatafuta ndugu. Kila jina liliposomwa Keziah alishika ukingo wa kiti, na lilipopita alitoka nje akazunguka kanisa kama aliyemwagiwa upupu.

Siku tatu kabla ya Mosi Agosti, sikukuu ambayo watu weusi wa Kanada walisherehekea kufutwa kwa utumwa katika nchi za Malkia wa Uingereza, jiko la Dorcas lilijaa pichi, unga na inzi. Lucius Beaman, mpwa wake Dorcas, aliyerudi kutoka jeshini, aliingia bila hodi na kuokota pichi.

"Shangazi, hizi ni za pai au za kutazama?"

"Gusa nyingine uone. Umerudi vitani na vidole vyako vyote, usije ukaviacha jikoni kwangu."

Lucius alicheka, akaketi juu ya pipa. "Mama Keziah, hivi nilikwambia kwamba kule kambini Kentucky tulikuwa tunasomewa habari zako? Kweli tena. Kulikuwa na mchungaji mmoja, kila jioni anatusomea kile kijitabu cha maisha yako. Wanawake waliowafuata waume zao jeshini wanakaa mbele. Tukifika pale unapomwacha mtoto wako Rose kule Maryland na kuvuka ile ghuba usiku kwa mashua, basi, kambi nzima kilio."

Kisu cha Keziah kilisimama katikati ya pichi. "Wanawake wa wapi?"

"Wa huko huko Kentucky. Wengi wa Mason, kando ya mto Ohio. Kuna mmoja alilia mpaka akashikwa mabega. Anasema, maskini mama huyu wa Maryland, Mungu amrudishie Rose wake. Anasema mama yake naye aliondoka hivyo hivyo, yeye akiwa mdogo, na mpaka leo hajui kama yu hai."

"Aliitwa nani?"

"Jina? Mama Keziah, nani angeuliza jina? Mle kambini nani hakuwa na mama aliyepotea?"

Keziah aliweka kisu mezani taratibu, akatoka. Dorcas alimwona kupitia dirishani akienda hadi mwisho wa bustani ya kabichi, akageuka, akaenda tena.

"Nimesema kitu gani?" Lucius akauliza.

"Umekula pichi yangu, hicho ndicho ulichofanya. Haya, nenda kachanje kuni."

Jioni, walipobaki wawili, Keziah alisema kwa ghafla, akiwa amesimama, "Dorcas, mimi sijawahi kufika Maryland."

Dorcas aliendelea kukanda unga. "Umechoka. Kaa."

"Sikuvuka ghuba yoyote. Sijui hata rangi ya maji yake. Na sina mtoto aitwaye Rose."

Mikono ya Dorcas ikatulia ndani ya unga.

Ndipo Keziah akamweleza yale ambayo hakuwahi kumweleza mtu yeyote wa Pisga. Alizaliwa Kentucky, wilaya ya Mason, shambani kwa mtu aliyeitwa Ketteridge, na kule alijulikana kwa jina la Suky. Jina la Keziah Tolliver alijichagulia mwenyewe alipokanyaga Kanada. Alipoombwa mara ya kwanza asimame mbele ya watu asimulie, wale waliomwalika walimwonya: ukitaja shamba, waliobaki watachapwa, ukimtaja aliyekuvusha, atafungwa. Basi akajitungia njia nyingine. Maryland badala ya Kentucky, ghuba badala ya mto, usiku badala ya mchana. Maumivu aliyaacha kama yalivyo, akayavika nguo za kuazima. Miaka ikapita, hadithi ikachapishwa, ikasafiri kuliko yeye, na ilifika wakati alipofumba macho aliyaona mawimbi ya ghuba ambayo hakuwahi kuyaona.

"Na mtoto?" Dorcas akauliza kwa sauti ndogo.

"Jency. Alikuwa na miaka saba. Mimi walikwisha kuniuza. Mnunuzi angekuja wiki ile. Jency walimweka ndani, nyumba kubwa ya bwana, abembeleze mtoto wa bibi. Kule shambani, Dorcas, kila mtu alikuwa na ukemi wake, mwito wa sauti yake peke yake, wa kuitia wenzake kwenye mistari ya tumbaku. Unakumbuka?"

"Virginia pia tulikuwa nao. Baba yangu ukemi wake ulikuwa unawatimua kunguru."

"Basi nilipita kando ya uzio na kapu la nguo kichwani. Nikapiga wangu. Akanijibu kutoka ndani, vile alivyozoea, miito miwili mifupi. Hawakumruhusu kutoka. Nikaondoka na lile jibu lake." Akageukia dirisha. "Sasa kama yule mwanamke wa kambini ni yeye? Amekaa pale, amesomewa habari za mama yake mzazi, na amemlilia Rose!"

Dorcas alijifuta uso kwa kiwiko, akajipaka unga. "Kwa hiyo na mimi nimemlilia Rose miaka yote hii bure?"

"Hukulia bure. Ulikuwa unamlilia Jency."

"Basi si ungeniambia jina lake, nilie vizuri!"

Wakacheka, kicheko cha watu walio karibu kulia, na Keziah akasema alilokwisha kuliamua kule kwenye kabichi. Siku ya Mosi Agosti, mbele ya watu wote, atataja majina ya kweli.

Habari hiyo ilimfikia Shemasi Absalom Rudd kesho yake, kwa sababu Keziah mwenyewe alimpelekea. Hakutaka kumvizia. Shemasi ndiye aliyekuwa msimamizi wa sikukuu, na alikuwa juu ya ngazi akipigilia mbao za jukwaa. Alisikiliza, akashuka polepole, akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, nyundo magotini.

"Dada Keziah, unajua wageni gani wanakuja?"

"Wale wa chama cha kupinga utumwa cha Toronto. Wanakuja kuitazama shule."

"Wanakuja kukutazama wewe. Shule yetu imejengwa kwa machozi na michango ya watu waliosoma habari za Rose. Leo uwaambie Rose hayupo?" Sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu anayeona mzigo ukiteleza begani. "Na si shule tu. Kuna watu wamekaa miaka yote hii wakingoja mmoja wetu ateleze. Wanasema hatukuchapwa, hatukuuzwa, tumejitungia. Ukisimama pale useme hadithi yako haikuwa hivyo, watasema hakuna hata mmoja wetu aliyesema kweli. Mimi nina mgongo wangu hapa, Dada. Nao utaitwa uongo."

Hilo lilimwingia Keziah kama mwiba, kwa kuwa ndilo aliloogopa. Alizunguka nguzo ya jukwaa, akarudi.

"Shemasi, hebu nikuulize. Tulisimama kwenye majukwaa hayo kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya waliobaki."

"Wangu alibaki."

"Peleka tangazo basi, lisomwe makanisani kwa majina ya kweli. Kimyakimya."

"Tangu vita viishe napeleka. Kwanza nilisema Keziah Tolliver anamtafuta binti yake. Nani Kentucky anamjua Keziah Tolliver? Nikapeleka la Suky. Suky ni wangapi? Tangazo husomwa leo, kesho limefungia sabuni. Kile kijitabu ndicho kinachofika. Kimefika mpaka kambini! Watu wanakisimulia hata wasiojua kusoma. Basi kitembee na majina yake."

Shemasi aligeuza nyundo mkononi. "Siwezi kukuzuia kupanda ngazi hii. Lakini nakuomba, kwa unyenyekevu, ulale na jambo hili."

"Kulala!" Keziah akasema. "Mimi nililala lini?"

Mosi Agosti kulipambazuka kweupe. Treni zilimwaga watu kutoka Windsor na Detroit, mikokoteni ikaja kutoka Chatham na vijiji vya ziwani, bendi ikapiga tarumbeta, na chini ya mialoni ng'ombe mzima aligeuzwa juu ya makaa. Watoto walikimbia na mahindi ya kuchoma. Wakongwe waliulizana swali lile lile lililoulizwa kila kona kiangazi kile: wewe ulitoka wapi, na uliacha nani?

Keziah alipanda jukwaani baada ya chakula. Mbele kabisa waliketi wageni wa Toronto, mmoja wao mama mwenye kofia ya manyoya ya ndege aliyekuwa ameshika leso tayari. Alikuwa amekuja kulia.

"Ndugu zangu," Keziah akaanza, "mnaijua habari yangu."

"Tunaijua! Sema, Dada!"

"Nilizaliwa Maryland..." Maneno yalitoka yenyewe, laini kama mawe yaliyosuguliwa na mto, na aliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi. Yangempeleka mpaka mwisho bila yeye kufanya kazi yoyote. Yule mama wa Toronto akainua leso. Shemasi Rudd, pembeni, akaanza kupumua. Miguu ya Keziah ikatulia kabisa, na kutulia kule ndiko kulikomtisha. Ilikuwa miguu ya mtu aliyefika. Yeye alikuwa hajafika.

Akanyamaza. Bendi walitazamana.

"Hapana," akasema. "Sikuzaliwa Maryland. Nilizaliwa Kentucky, Mason, kwa Ketteridge. Huko niliitwa Suky. Sikuvuka ghuba usiku. Nilivuka mto Ohio saa sita mchana, jua la utosi, kapu la nguo kichwani, kama mfuaji anayepeleka nguo za watu ng'ambo. Aliyenivusha ni Enos Fant, mtu huru, mweusi kama mimi, na alipiga kasia huku anaimba ili asishukiwe. Aliwavusha wengi. Amekufa kitandani mwake, hakuna jela itakayomfikia tena, na leo ndiyo mara ya kwanza jina lake linatajwa mbele za watu. Enos Fant."

"Enos Fant," mzee mmoja akaitikia kwa mazoea ya kanisani. Wengine hawakuitikia. Manung'uniko yalipita katikati ya watu kama upepo kwenye mahindi.

"Niliyaficha majina haya kwa sababu wenyewe walikuwa bado mkononi mwa adui. Mnaelewa. Wengi wenu mmefanya hivyo hivyo. Lakini adui ameondoka, na bado mimi nimeendelea kumficha mtoto wangu. Haitwi Rose. Anaitwa Jency. Kama yu hai ana miaka thelathini."

"Sasa tuamini ipi?" kijana mmoja akapaza sauti kutoka kwenye meza ya limau. "Jana Maryland, leo Kentucky! Kesho tutasikia Uchina!"

Baadhi wakacheka. Yule mama wa Toronto aliinamia upande wa Shemasi Rudd akamwuliza kitu kwa kunong'ona.

Keziah hakuwa na ushahidi. Hakuwa na shahidi wala karatasi, na makovu alikataa kuwaonyesha watu tangu siku ya kwanza alipoombwa. Alikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakuwahi kukipandisha jukwaani, kwa kuwa hicho hakikuweza kubadilishwa jina. Akaweka mikono kando ya kinywa, akapiga ukemi wake.

Ulianzia chini kifuani, ukapanda kama mtu apandaye ngazi na mzigo, ukafika juu kabisa na hapo ukavunjika. Ulikuwa umekaa ndani miaka ishirini na mitatu. Farasi waliinua masikio. Mtoto mchanga akaanza kulia, akanyamazishwa.

Keziah alisimama pale, koo likimuuma, akijua ameiharibu kazi yake ya maisha yote kwa sauti moja ya shambani.

Kisha kutoka chini ya mialoni, mahali walipoketi wazee, ukatoka ukemi mwingine. Mzito, wenye mkwaruzo. Ulikuwa wa mtu wa Carolina ambaye wajukuu zake hawakuwahi kumsikia akipaza sauti. Bibi mmoja wa Tennessee akatoa wake, mwembamba kama uzi. Wa tatu. Wa nne. Dorcas alisimama na sahani ya pai mkononi akapiga ule wa baba yake wa kutimua kunguru, na kunguru wakaondoka kweli. Watu walipiga huku wanalia, kila mmoja na wake, hakuna uliofanana na mwingine, wakiwaita watu waliokuwa umbali usiofikiwa na sauti yoyote. Yule kijana wa limau alivua kofia. Bibi yake mwenyewe alikuwa amesimama karibu naye, akiita.

Na Shemasi Absalom Rudd, ambaye alikuwa bado hajamjibu mgeni wake, aligeuza uso pembeni, akafumba macho, na wa kwake ukamtoka kabla hajauruhusu. Alipofumbua macho alimwambia yule mama, "Ndiyo. Ni kweli."

Keziah alikuwa ameshuka, anasukumwa huku na huku na watu wanaomshika mikono, pale mwanamke mnene mwenye aproni yenye harufu ya samaki alipompenyezea kiwiko. Alikuwa Orpha Siggers wa Detroit, muuza samaki wa kukaanga.

"Mama, samahani. Huo ukemi wako nimewahi kuusikia."

"Wapi?"

"Usinishike hivyo, utanivunja. Maysville, kule kule Mason. Majira ya kuchipua nilikwenda kumtafuta dada yangu, sikumpata, narudi zangu, nipo kwenye meli inaondoka gatini. Mwanamke huko juu ya kingo akaita mtoto. Nikasema, loo, koo hilo! Sikumwona uso. Labda nakosea, mama. Lakini mimi sikio langu halisahau. Ndilo linaloniambia mafuta yamepata moto."

Keziah hakungoja bendi imalize. Alfajiri Dorcas alimkuta jikoni amevaa kofia ya safari, anazunguka meza, na kapu limefungwa.

"Shemasi amesema wale wageni watafikiri kwanza kuhusu shule," Dorcas akasema. "Hakuna anayejua watafikiria nini. Ameniambia nikwambie uende na amani. Amesema pia atawaandikia, ila kwanza anataka kujua jina la Enos Fant linaandikwaje."

"Mwambie vyovyote, ilimradi liandikwe."

"Nitamwambia tukirudi." Dorcas alifungua aproni, akaitundika. "Usinitazame hivyo. Unadhani nitakuachia ukaite peke yako mpaka koo likauke?"

Walisafiri kwa treni, wakavuka mto kwenda Detroit, wakapanda treni nyingine hadi Cincinnati, kisha meli ya mtoni. Kadiri walivyokwenda kusini ndivyo Dorcas alivyonyamaza na ndivyo Keziah alivyozidi kutembea. Alitembea kutoka upande mmoja wa meli hadi mwingine.

"Kaa chini," Dorcas akamwambia mwishowe. "Unaipindua meli."

Walifika Maysville mchana. Gatini wapagazi walikuwa wakiviringisha mapipa ya tumbaku, na harufu ile ilimpiga Keziah usoni akasimama. Halafu akaweka kapu kichwani, kwa sababu mikono aliihitaji, akaita.

Wapagazi walicheka. Mmoja akamwigiza, vibaya. Hakuna aliyejibu. Akapanda njia ya mawe, akaita kwenye kona ya ghala. Hakuna. Mwanamke mzungu alifunga dirisha. Dorcas, nyuma, aliomba wapumzike, akaona anazungumza na mgongo. Wakapita nyumba za matofali, wakapita zizi la farasi, wakashuka tena kwenye kingo za mto, mahali ambapo nguo zilizofuliwa zilianikwa kwenye kamba ndefu na vibanda vipya vya mbao vilisimama vimeinama. Koo lake lilikuwa limekwaruzika. Akaita tena, na safari hii ukemi ulivunjika kabla ya mahali pake.

Nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, kitu kikajibu.

Ilikuwa miito miwili mifupi, wa pili ukikatizwa na kicheko. Keziah alilijua jibu lile. Shuka likasukumwa, akatokea msichana mdogo wa miaka sita hivi, miguu mitupu, tope mpaka magotini. Alikuwa amekuja mbio kama mtoto aliyeitwa nyumbani. Alipoona aliyemwita, akasimama.

"Wewe si mama," akasema kwa lawama.

"Hapana," Keziah akasema. Kapu lilikuwa bado kichwani. "Si mimi. Mama yako yuko wapi?"

Mtoto alimtazama juu mpaka chini, akamtazama na Dorcas aliyekuwa amekaa juu ya jiwe akilia waziwazi. Hakuwaamini sana. Akageukia vibanda, akaweka viganja vyake vichafu kando ya kinywa, akaita.